Goti Lililotiwa Wanga

Watu wengi wanadhani dobi anafanya kazi kwa mikono. Wapi! Dobi anafanya kazi kwa miguu. Mikono inasukuma pasi tu, miguu ndiyo inayosimama kutwa nzima kwenye sakafu ya saruji, mvuke unapanda usoni na kiuno kinauliza tutakaa lini. Mzee Pasi alisimama hivyo tangu hana ndevu, enzi za pasi ya mkaa, mpaka ndevu zikaota, zikajaa, zikawa nyeupe, na goti la kushoto likamwambia basi, mimi nimechoka.

Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa nyumba yake. Mlango wa mbele ulitazama barabara, wa nyuma uliingia moja kwa moja uani, hivyo alikuwa kazini na nyumbani kwa wakati mmoja, na mkewe hakuhitaji kupaza sauti kumwita. Ndani palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka lenye alama za kuungua, kamba za kutundikia, ndoo ya maji ya kunyunyizia, na sufuria ya wanga. Wanga ndio uliompa sifa. Kola ya shati lililopita mikononi mwake ilisimama kiasi kwamba karani wa chini kabisa akiivaa anaonekana bosi. Wateja walilijua hilo, naye alijua kwamba wanalijua, na alitembea kwa maringo kidogo enzi alipokuwa anatembea vizuri.

Goti lake la kuzaliwa alishaagana nalo zamani. Lilipofika hatua ya kusagana mfupa kwa mfupa, madaktari wa hospitali kubwa walilitoa wakamwekea la bandia: chuma juu, chuma chini, plastiki ngumu katikati. Likamfaa kwa miaka, hata akawa analisifia kwa wateja. Kisha, taratibu, likaanza kumfanyia vituko. Yuko amesimama salama salimini, mara goti linakwenda pembeni, mguu unafunguka, naye anarukia meza kama mlevi. Halikumuuma sana, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Lingemuuma angepiga kelele, watu wangejua. Lenyewe lilikuwa linamwacha tu.

Mtu mwenye akili zake angerudi hospitali siku ileile. Mzee Pasi hakurudi. Alikumbuka jinsi alivyojikongoja na magongo baada ya ule upasuaji wa kwanza, alivyopinda goti huku machozi yanamtoka mbele ya mtaalamu wa mazoezi aliye sawa na mjukuu, na mwili mzima ukakataa. Hakuwa mvivu, jamani. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka anatafuta njia ya karibu.

Njia ya karibu ilikuwa kwenye sufuria. Alichukua jinzi iliyoachwa na mteja aliyehama mji, akaikata vipande virefu, akavichovya kwenye wanga mzito, akavipiga pasi kimoja juu ya kingine mpaka vikawa vigumu kama ubao. Kimoja akakiweka upande huu wa goti, kingine upande ule, akavifunga kwa utepe chini ya suruali. Goti likatulia tuli! Alitembea uani huku na huko, mkewe akamtazama na kusema, "Naona leo umeamka vizuri, mzee wangu." Naye akajibu, "Dawa ya goti ni kulisahau." Muone.

Tatizo la wanga kila dobi analijua, na yeye alilijua kuliko wote: wanga hauivani na jasho. Asubuhi vile vipande vilikuwa imara. Mchana, mvuke wa pasi ukishapanda na miguu ikishatoka jasho, vilianza kulegea. Jioni vilikuwa matambara yenye utando wa kunata, vinanuka uji uliochacha. Kila siku alivichovya na kuvipiga pasi upya, mkewe akidhani ni kola za watu. Akawa anajua saa za kutembea na saa za kukaa, na jioni alipenda sana kukaa.

Sasa sikiliza kilichotokea jioni moja.

Binti yao, aliyefanya kazi kwenye duka la dawa, alikuwa akimwacha mtoto wake kwa bibi yake kutwa. Katoto ka kike, kanene, kanakoanza kutembea, wote wakikaita Kifungo kwa sababu ya kitovu chake. Jioni hiyo mkewe alikuwa amemweka Kifungo kwenye kiti chake cha mbao pale uani, amemfunga kwa kitambaa kiunoni kama siku zote, kisha akaenda bombani mara moja. Kifungo akalia. Babu akatoka kibandani, akamfungua, akamnyanyua. Babu gani angemwacha mjukuu analia? Akapiga hatua kuelekea mlangoni kumwonyesha nguo zinazoning'inia, maana mtoto alizipenda, na goti likamwacha.

Wote wawili wakaenda chini. Kichwa cha Kifungo kikapiga kizingiti.

Damu ya usoni inatoka nyingi kuliko jeraha lenyewe, lakini nani ana akili ya kukumbuka hilo wakati ule? Mkewe alikuja mbio, ndoo akaitupa njiani, akamkuta mzee kajilaza sakafuni na mtoto mikononi, uso mwekundu, analia kwa kukata pumzi. "Kumetokea nini?" Na Mzee Pasi, kabla hata hajafikiri, kinywa chake kikasema chenyewe: "Ameanguka kitini. Nimemkimbilia, nikateleza."

Mtoto alishonwa juu ya jicho, akapona, watoto wanapona. Aliyebaki na jeraha ni bibi. Binti yao alipofika kutoka kazini alisimama mlangoni na koti lake la kazi, akamwangalia mtoto, kisha akamwangalia mama yake. "Mama, nimekuachia mtoto, wewe unamweka kitini unaondoka?"

"Nilimfunga, mwanangu."

"Ungemfunga angeangukaje?"

 Mkewe akamtazama mumewe, labda akitegemea neno moja, na mumewe alikuwa anakagua kisigino cha kiatu chake.

Tangu siku hiyo Kifungo akapelekwa kwa mama mmoja anayelea watoto wa watu, mtaa wa pili. Binti akawa anakuja Jumapili, anakaa na mtoto mapajani, hamwachi hata akaoshe mikono. Lakini hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni lile alilokuwa akiliona Mzee Pasi kila siku kutoka nyuma ya meza yake: mke wake alianza kujitilia shaka. Anafunga kufuli, anafika njia panda, anarudi kuangalia kama amefunga. Anazima jiko, anarudi kuligusa. Anamuuliza, "Chumvi nimetia?" na ametia mbele ya macho yake mwenyewe. Jioni moja alikaa kwenye kile kiti kidogo cha mbao, akafunga kitambaa, akafungua, akafunga tena, akasema, "Naapa nilimfunga. Ila siku hizi akili yangu siijui. Uzee umeniingia vibaya, mzee wangu."

Naye akamwambia, "Usijitese, mama." Eti usijitese! Aliona aibu mpaka masikioni, lakini ukweli hakuutoa, na kila siku iliyopita ulizidi kuwa mzito. Alilala amechoka, aliamka amechoka zaidi.

Lililowapeleka hospitali hatimaye lilikuwa uvimbe. Mkewe alimwona akitoka kuoga, goti limejaa kama andazi, akasema hakuna mjadala. Mzee Pasi akabishana kidogo kwa ajili ya heshima tu, kisha akaenda. Wakampiga picha, wakamvuta maji ya goti kwa sindano kuona kama kuna wadudu, hakukuwa na wadudu. Plastiki ilikuwa imesagika na chuma cha chini kimeanza kucheza. Ikabidi goti libadilishwe. Swali likabaki, libadilishwe kwa lipi.

Kwenye benchi la kusubiri alikaa karibu na mwashi mmoja mstaafu, bonge la mtu, mguu wake mmoja ameunyoosha mbele, kila anayepita anauruka. Walisalimiana, wakaulizana habari za magoti kama wengine wanavyoulizana habari za watoto.

"Mimi nina bawaba humu," mwashi akasema, akijigonga pajani. "Kama mlango. Chuma kimeingia mpaka huku, na huku chini mpaka hapa."

"Linakusumbua?"

"Sasa hivi hapana. Lakini nakwambia, mzee mwenzangu, hii ndiyo stesheni ya mwisho. Bawaba ikikorofisha, hakuna goti lingine. Wanaunganisha mguu unakuwa gogo, au," akapitisha kiganja hewani juu ya goti, shwaa. Kisha akacheka, akikohoa. "Ila usiogope."

Ukitaka mtu aogope mpaka kucha, mwambie hivyo halafu umalizie na usiogope. Mzee Pasi alijiona na mguu mmoja nyuma ya meza, pasi mkononi, wateja wakimwonea huruma.  Hapohapo akaingia chooni, akafungua vile vipande vya wanga, akavikunja na kuvisokomeza kwenye mfuko wa koti. Alipotoka, alitembea kwa kushika ukuta kana kwamba anausifia ujenzi wake.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alimlaza kitandani, akashika paja kwa mkono mmoja na kifundo kwa mwingine, akaanza kuusukuma mguu pembeni, huku na huku. Na Mzee Pasi akajikaza kisabuni. Paja la dobi si mchezo. Limeshikilia mwili kwa miaka. Msuli ukasimama kama kamba ya kutundikia nguo, na goti likakaa kimya.

"Legeza, mzee wangu."

"Nimelegeza."

"Bado."

"Hivi ndivyo nilivyo, daktari. Kazi zetu hizi."

Daktari akajaribu tena, akakunja uso, akakaa kwenye kiti chake. Mkewe alikuwa pembeni, mkoba mapajani, anasikiliza kwa umakini wa mtu anayeogopa kusahau.

"Ngoja niwaeleze, maana hapa uamuzi unahitaji ukweli wenu," daktari alisema. Akaweka ngumi yake ya kulia juu ya kiganja cha kushoto. "Goti lina kano, hizi kamba za pembeni zinazoshika mfupa wa juu na wa chini visiachane. Goti bandia ulilo nalo linazitegemea kano zako. Zikiwa nzima linafanya kazi, zikichoka linayumba. Kuna aina ya pili. Ina kigingi kirefu katikati kinachoingia kwenye kishimo, kinazuia mguu kwenda pembeni. Nacho kinataka kano ziwepo angalau kidogo. Kikiachiwa kazi yote peke yake, kitalika au kitavunjika. Aina ya tatu ina bawaba. Juu na chini vimeunganishwa, hata kama huna kano, linasimama."

"Si tuweke hiyo basi?" mkewe akauliza.

"Shida yake, mama, ni kwamba nguvu zote zinaangukia kwenye mfupa, kupitia vyuma virefu tunavyopenyeza ndani. Siku likilegea, mfupa unaobaki ni kidogo. Ndiyo maana hatumpi mtu bawaba kama hahitaji. Tunampa kinachomtosha, hatumzidishii." Akamgeukia Mzee Pasi. "Na seti ya bawaba hapa hatuna. Iko moja, inazunguka hospitali mbalimbali, lazima niiombe mapema na tuisubiri. Nikifungua goti lako halafu nikute nilitakiwa kuwa na bawaba na sinayo, tumekwisha mimi na wewe. Sasa niambie mwenyewe. Goti linakuacha? Umewahi kuanguka?"

Feni ya dari ilikuwa inalalamika. Swali dogo namna hiyo! Lakini Mzee Pasi aliona milango miwili nyuma yake. Akisema ndiyo, wa kwanza unafunguka kwa bawaba na kiganja cha mwashi kinachopita juu ya goti. Wa pili ulikuwa mbaya zaidi, maana daktari angeuliza alianguka lini, akiwa anafanya nini, na mke wake alikuwa amekaa palepale.

"Halijawahi kuniangusha," alisema.

"Hata mara moja?"

"Haanguki, daktari," mkewe akadakia kwa upole, akijaribu kusaidia. "Yeye yuko imara. Anayeangusha vitu nyumbani kwetu ni mimi. Akili yangu siku hizi si ya kutegemea."

Alisema akitabasamu, kama mtu anavyotaja ugonjwa wake aliouzoea.  Mzee Pasi angesema pale. Mdomo ukafunguka kabisa. Ukatoka upepo mtupu, na daktari akawa ameshaandika: aina ya pili, yenye kigingi.

Siku za kungoja zilikwenda kwa kujiburuza. Alifunga kibanda, wateja wakachukua nguo zao, akabaki anakaa kitandani akiangalia mguu. Mkewe akapanga mfuko wa hospitali, akaupangua kuhakikisha kaweka taulo, akaupanga tena. Mzee Pasi alimwangalia akifanya hivyo. Siku nyingine alijipa moyo: labda kano zipo bado, labda kigingi kitatosha, daktari si ameshika kwa mikono yake? Yaani aliweza kumdanganya daktari, kisha akamtegemea daktari huyohuyo kwamba hakudanganyika. Binadamu tuna mambo.

Asubuhi ya upasuaji binti yao alipiga simu kumtakia heri, akaongea na baba yake vizuri, na alipopewa mama yake akaongea kwa kifupi. Mkewe alimsindikiza mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, akamshika kidole gumba cha mguu kupitia shuka. "Nipo hapa hapa nje. Sitoki." Kitanda kikasukumwa ndani.

Kule ndani kulikuwa na baridi na mwanga mkali, na watu wenye vinyago wanaozungumza kwa sauti za kawaida kabisa, kama wako sokoni. Walimkalisha, wakamwinamisha, wakamchoma sindano ya ganzi mgongoni. Joto likamshuka kiunoni, mapajani, nyayoni, kisha hakuna kitu. Walipomlaza aliitazama miguu yake, ikawa kama miguu ya mtu mwingine aliyelala kitanda kimoja naye. Alijaribu kukaza paja. Paja halikumsikia.

Hapo ndipo alipoelewa. Moyo ukamwenda mbio mpaka kile kimashine cha kuhesabu mapigo kikabadilisha wimbo, na nesi akamwinamia. "Vipi, babu? Unaogopa?"

"Daktari yuko wapi?"

"Niko hapa, mzee." Daktari alikuwa ameshaushika mguu. "Kabla sijakata nataka kulipima goti tena, sasa hivi msuli umelala." Akashika paja, akashika kifundo, akasukuma kidogo tu.

Mguu ukaenda. Mzee Pasi aliuona mwenyewe juu ya shuka la kijani: paja limebaki hapa, muundi umekwenda kule, na pembeni mwa goti pakafunguka bonde. Daktari akaurudisha, kukasikika chuma kikigonga chuma. Akasukuma tena, ukaenda tena. Nesi alisema, "Mungu wangu," kwa sauti ya chini. 

Daktari akalaza mguu taratibu, kama unaweza kuvunjika. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alivuta kiti cha chuma, akakaa karibu na kichwa cha mzee, na macho yake juu ya kinyago yalikuwa yamechoka kuliko siku ile.

"Kano ya ndani haipo, mzee wangu. Haijachoka, haipo. Limekuwa linakuacha tangu lini?"

"Muda mrefu."

"Na ulikuwa unatembeaje?"

Akamwambia. Jinzi, wanga, pasi, jasho. Daktari wa ganzi aliyekuwa akitazama mashine yake akageuka kusikiliza. Alipomaliza, nesi alitaka kucheka, akaona haifai, akaacha.

"Na kuanguka?"

"Nimeanguka."  "Nimeanguka na mjukuu wangu mikononi. Kichwa kikapiga kizingiti. Nikasema ameanguka kitini, aliachwa na bibi yake. Bibi yake ndiye yule aliyeko nje."

Daktari aligeuka kuutazama mlango. "Yule anayesema akili yake haitegemeki."

"Huyohuyo."

Daktari akainuka, akavua glavu. "Leo sikukati. Nikikuwekea kigingi kwenye goti hili, kitavunjika na nitakurudisha hapa mara ya tatu, mfupa ukiwa umepungua. Unahitaji bawaba. Nitaiomba, tutasubiri zamu yetu."

"Na bawaba ikishindwa, daktari? Nitakatwa?"

"Inawezekana siku moja mambo yakawa magumu. Siwezi kukuahidi. Lakini watu wengi wanatembea nayo mpaka mwisho wao, na kazi ya kusimama kutwa utaipunguza, hilo nakwambia mapema." Akamgusa bega. "Yule mama nje nimwambie nini mimi? Atauliza kwa nini tumekurudisha."

Mzee Pasi alitazama dari. Ingekuwa rahisi sana. Mwambie mashine imeharibika. Mwambie damu haikutosha. Lilimjia palepale, tamu na tayari, kama lile la kwanza lilivyomjia uani.

"Usimwambie kitu," akasema. "Nitamwambia."

Walimrudisha wodini, kitanda cha dirishani. Mkewe alikuja nyuma ya machela karibu anakimbia, akainua shuka kuangalia bendeji, akakuta goti lilelile, halina hata mkwaruzo.

"Mbona hawajafanya? Kuna nini? Nimesahau kitu? Kuna karatasi sikuleta?"

Hebu fikiria, hata hilo alidhani ni kosa lake. Mzee Pasi akamshika mkono, na kwa sababu miguu ilikuwa bado imekufa ganzi, hakuwa na pa kwenda. Alilala pale akasema yote. Alianza na goti kwa sababu lilikuwa jepesi, wanga na jinzi, jinsi alivyomkazia daktari paja. Mkewe alisikiliza, akaguna. Kisha akafika uani, jioni ile, na sauti ikaanza kumkatika.

"Ulikuwa umemfunga. Nilimkuta amefungwa. Mimi ndiye niliyemfungua, nikamnyanyua, goti likaniacha nikaanguka naye. Hakuanguka kitini. Nilikusingizia."

Mkewe alitoa mkono wake. Aliuweka mapajani, juu ya ule mwingine, akaiangalia mikono yake yote miwili.  Mgonjwa wa kitanda cha pili akajigeuza ukutani kwa adabu.

"Nilimfunga," alisema mwishowe.

"Ulimfunga."

"Mafundo mawili."

"Mafundo mawili. Nilihangaika kuyafungua."

Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Mimi nimekwenda kwa daktari peke yangu," alisema. "Nimemuuliza kama kuna dawa ya kusahau. Nimekaa nikiwaza nani atakuangalia mimi nikipotea akili. Na wewe uko nyuma ya meza yako unanitazama."

"Nisamehe."

"Usiniombe msamaha sasa hivi. Nimechoka." Akafungua mkoba, akatoa simu, akabonyeza, akasikiliza ikiita, kisha akamsogezea sikioni.

"Daktari amesema nipumzike kwanza," Mzee Pasi alinong'ona.

"Pumzika ukiongea."

Simu ikapokelewa. "Mama? Wamemaliza? Baba anaendeleaje?"

"Si mama. Ni mimi." Alivuta pumzi, na akasema yale yale mara ya tatu kwa siku moja, na mara ya tatu haikuwa rahisi hata kidogo. Alisema mpaka mwisho, mpaka yale mafundo mawili. Akadhani simu imekatika. Nyuma huko alisikia kengele ya mlango wa duka la dawa, mteja anasalimia, hajibiwi.

"Mpe mama simu," binti yake akasema.

Akampa. Mkewe akainuka na simu, akasimama dirishani, mgongo kwake. Alisikiliza kwa muda. Kisha akaanza kujibu, na sauti yake ilikuwa ya zamani, ile aliyokuwa nayo kabla hajaanza kurudi njiani kuangalia kufuli.

"Usilie. Hapana, usilie, uko kazini... Yuko hapa, hajakatwa... Hapana, hilo tutaongea mimi na yeye nyumbani... Ndiyo. Mlete Kifungo kesho. Mlete asubuhi, anywe chai kwangu."

Alikata simu, akaitia mkobani, akafunga zipu mara moja. Hakurudi kuishika. Akaketi kwenye kiti upande wa miguuni, mbali na mkono wake, akaegemea ukuta na kufumba macho. Mzee Pasi alilala akimtazama, akingoja miguu yake irudi, na hakuthubutu kumwita.